Mkojo kwenye Mizani ya Almasi

Nyinyi vijana mnaoanza kazi katika chumba cha watoto wachanga mna tabia moja inayonichosha. Mkiingia zamu mnatazama mashine kwanza. Ikilia pip mnafurahi, ikinyamaza mnaita fundi. Mimi nimestaafu, magoti yangu yamegoma kupanda ngazi, lakini kila nikija kuwasalimia swali langu ni lile lile: huyu mtoto amekojoa lini? Juzi msichana mmoja mwenye stetoskopu ya rangi ya waridi alinijibu, "Mama Zaina, ile sijaangaliya, lakini saturation, oksijeni ya damu, iko muzuri." Nilitamani kumchapa. Kwa kuwa siku hizi hairuhusiwi kuchapa wauguzi, nimeamua kuwasimulia.

Kwanza mjue mnayemshika mkononi ni nani. Mtoto aliyezaliwa kwa mimba ya miezi saba figo zake ni nyumba ambayo mwashi ameitwa vitani kabla ya kuezeka. Kuta zipo, paa bado. Mama akitoka damu nyingi wakati wa kuzaa, hiyo ni mvua. Mtoto akichelewa kulia, mvua. Uambukizo, joto, kukosa maziwa, yote ni mvua. Halafu kuna mvua tunayoileta sisi wenyewe ndani ya sindano, tukiwa tumevaa koti jeupe na kutabasamu.

Miaka ya vita, hapa Kisangani, mvua hiyo ya sindano ilikuwa na jina moja: jentamisini, dawa inayoua vijidudu na kuumiza figo. Mto ulikuwa umefungwa, mashua kutoka Kinshasa zilikuwa hadithi, na dawa zilikuja siku ndege ikipenda. Siku moja tuliletewa makasha ya msaada. Tulifungua kwa furaha. Tulikuta soksi za sufu, sisi watu wa ikweta, tukakuta sabuni ya kuogeshea mbwa, na chini kabisa jentamisini nyingi sana, chupa za dozi ya mtu mzima. Tangu siku ile kila mtoto Kisangani alikuwa na ugonjwa unaotibiwa kwa jentamisini.

Daktari wetu tulimwita Dokta Profesa. Hakuwa profesa, lakini ukimwita hivyo alisaini karatasi zako haraka. Yeye aliandika dawa ile asubuhi, midi, yaani adhuhuri, na jioni, kwa watoto wote. Nilipomuuliza kwa nini mara tatu, alinitazama kwa huruma. "Mutu anakulaka mara ngapi? Mara tatu. Bon." Huo ndio ulikuwa utaalamu wote. Figo ya mtoto wa kilo moja haijui kama kuna chakula cha midi. Dozi moja inaweza kuichukua siku nzima na nusu, hata mbili, kuitoa mwilini. Sisi tulikuwa tukimletea mgeni wa pili wa kwanza hajanawa mikono, na wa tatu yuko mlangoni na godoro lake.

Msinicheke bado, maana na mimi nilikuwa mjinga wa kutosha. Tulikuwa na visanduku vitatu vya mbao vya kuwatia joto watoto. Alivitengeneza fundi wa masanduku ya maiti, mtu ambaye miaka ile hakukosa kazi, na tulivipasha kwa chupa za bia zilizojazwa maji ya moto. Siku moja nilijaza maji yaliyotoka kuchemka, nikajisifu kwamba mtoto wangu hatapata baridi. Hakupata. Alikauka. Midomo ilipasuka na kitambaa chake cha nepi kikabaki kikavu tangu asubuhi hadi saa tisa.

Aliyeniokoa ni mfagiaji. Papa Likelo alikuwa mzee mwembamba aliyekimbia vita kutoka Yangambi, na kwetu aliajiriwa kufagia na kumwaga ndoo. Alisimama na ufagio wake, akagusa kisanduku, akasema, "Mama, uku ndani tungekausha kakao." Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, kazi yake kupima mbegu: mbichi, kavu, mbichi, kavu, toa hii kwa ile, andika. Nikatoa chupa mbili na kumwongezea mtoto maziwa ya mama yake kwa matone. Jioni akakojoa. Nilipokuwa nikimshukuru Mungu kwa sauti, Papa Likelo aliniuliza mkojo ulikuwa kiasi gani. Nikasema mwingi. "Mwingi hapana kipimo," akanijibu. "Majimaji haipimwake na macho. Pima kitambaa kavu, pima ikiloa, toa. Gramu moja ni tone makumi mbili ivi. Ata mbegu tulifanya vile."

Mizani ya hospitali ilikuwa ya kupimia watu wazima, na sindano yake ilitetemeka hata chumba kikiwa kitupu. Lakini huu ni mji wa almasi, na mji wa almasi haukosi mizani. Tonton Kambale, mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, alikuwa na duka la kununua mawe karibu na soko. Alikuwa amelifunga, kwa sababu majeshi mawili ya nchi jirani, yaliyokuja pamoja kutukomboa, yalikuwa yameanza kukomboa almasi zetu kila moja kwa upande wake. Nilikwenda kuazima mizani yake ndogo ya betri. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaifuta kwa kitambaa.

"Kamata, Mama. Iyi mizani ilipimaka majiwe yenye iliua bantu. Sasa ipime mukojo, itapumuzika."

Ilikuwa inasoma karati tu. Karati tano ni gramu moja, kwa hiyo rejista yetu ikawa pekee duniani yenye watoto wanaokojoa kwa karati. Tulikata kitenge cha zamani vipande vya ukubwa mmoja, tukapima kila kimoja kikiwa kikavu, tukaandika uzito pembeni kwa wino. Kila saa tatu mama alileta kitambaa, Papa Likelo alipima, mimi niliandika. Mtoto wa kilo moja na kidogo alitakiwa kutupa karati kumi na sita hivi kwa saa tatu. Chini ya hapo tulijua figo zinalalamika, na tulipunguza dawa au tuliongeza maziwa kabla mtoto hajavimba. Ilifanya kazi. Niwaambie ukweli, ilifanya kazi kuliko Dokta Profesa.

Hapo kichwa changu kikavimba kuliko mtoto yeyote. Nilibandika karatasi ukutani: mabingwa wa kukojoa. Kila asubuhi nilisoma majina kwa sauti kama matokeo ya mpira, na mama wa bingwa alipigiwa makofi. Na kwa mama ambaye kitambaa chake kilikuwa kikavu, nilikuwa na maneno. Niliamini kitambaa kikavu ni mama mvivu, mama asiyekamua maziwa, mama anayelala. Nilisema mbele ya wote, "Kitambaa kikikauka siku mbili, mtoto atatoka kwenye kisanduku, aingie anayejua kukojoa." Nilikuwa natisha tu. Lakini visanduku vilikuwa vitatu na watoto walikuwa saba, na akina mama wale walikuwa wameshaona vitisho vya watu wengi wenye silaha vikitimizwa.

Basi akaja Aziza. Mume wake alikuwa mchimba almasi na alikuwa hajulikani alipo. Alitembea kwa miguu kutoka upande wa Ubundu akifuata reli, akavushwa mto kwa mtumbwi, akapakiwa kwenye toleka, baiskeli ya abiria, na akajifungua karibu na geti letu akiwa ametoka damu nyingi. Msichana, kilo moja na gramu mia, alichelewa kulia. Mnaona? Mimba isiyotimia, damu, pumzi. Mvua tatu tayari kabla sijamgusa. Dokta Profesa akaongeza ya nne kwa kalamu: asubuhi, midi na jioni.

Siku mbili za kwanza alikojoa kidogo. Siku ya tatu akawa bingwa. Karati arobaini kila saa tatu! Nilisoma jina lake ukutani na chumba kizima kikapiga makofi. Aziza aliinamisha kichwa, na mimi nikafikiri ni haya. Siku ya nne mtoto alikuwa ameongeza gramu sabini. Mtoto wa wiki ya kwanza hupungua uzito. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Mimi, mwenye miaka ishirini kazini, nilisema anaanza kunenepa. Dokta Profesa aliliminya shavu lile linalong'aa akasema, "Très bien, iko na mafuta."

Ngoma ikivuma sana hupasuka. Asubuhi ya siku ya tano Papa Likelo alinivuta pembeni, kitambaa mkononi.

"Mama Zaina, ata mbegu mbili za muhindi hazilinganaki. Huyu mutoto anatupa karati makumi ine, makumi ine, makumi ine. Anapimiaka na kijiko?"

Akanipa ninuse. Nilinusa. Kilikuwa na harufu ya kitambaa kilicholowa maji.

Mngefanya nini? Nilimwita Aziza nyuma ya pazia, nikiwa na hasira yangu yote tayari mdomoni. Sikuhitaji. Alitoa kwenye pindo la kitenge chake kifuniko cha chupa ya dawa ya kikohozi, akaniwekea kiganjani.

"Njo hii, Mama. Namwangaga moja kila mara. Unisamehe. Ulisema kitambaa ikikauka mutoto anatoka mu kasanduku. Inje kuko baridi ya mvua. Ningefanya nini?"

"Tangu lini?"

"Siku ya tatu. Kwanza alikojoaka kidogo. Kiisha ikakauka. Kabisa."

Alikuwa mke wa mchimba almasi. Katika mji wetu hata mtoto wa shule anajua kwamba mizani ikiwa ya mnunuzi, muuzaji lazima atafute njia yake. Mnunuzi nilikuwa mimi. Niliweka bei juu ya mkojo, na watu wakaniuzia nilichotaka. Baadaye nilijua mama wengine wawili pia walikuwa na vifuniko vyao.

Kwa hiyo mtoto alikuwa na siku mbili na zaidi bila kukojoa, na kila siku tulimchoma mara tatu dawa isiyokuwa na pa kutokea. Nilimwambia Aziza, "Nimeelewa. Nitaisimamisha." Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, na yeye akashusha pumzi.

Sasa fikeni saa sita mchana. Dokta Profesa aliingia na mgeni, komanda wa kundi lililokuwa likitawala mji mwezi ule, na walinzi wanne ambao bunduki zao ziligonga visanduku vyetu. Sifa za chumba kinachopima mkojo kwa mizani ya almasi zilikuwa zimefika kwake, na nadhani alitaka kuona kama kweli hakuna almasi. Dokta Profesa aliongea Kifaransa kirefu. Alionyesha karatasi yangu ukutani, halafu akasimama kwenye kisanduku cha Aziza.

"Uyu njo bingwa, mon commandant."

"Iko na karati ngapi?" komanda akauliza, na walinzi wakacheka.

"Makumi ine kila saa tatu!" Kisha akanigeukia. "Mama Zaina, ni saa ya gentamicine. Onyesha commandant namna tunafanyaka."

Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema: rejista ni ya uongo, mtoto huyu hakojoi. Lakini rejista ilikuwa na saini yangu, karatasi ya ukutani ilikuwa ya mkono wangu, na wote walikuwa wakinitazama kwa heshima ambayo sikuwa nimeipata tangu nizaliwe. Nikajiambia dozi moja zaidi haitabadilisha kitu, nitaeleza wakishatoka. Mimi husema bismillahi kabla ya kila sindano. Ile niliichoma kimya. Sikuogopa bunduki, msije mkanitafutia udhuru. Niliogopa kuaibika.

Saa nane mtoto alikuwa hawezi kufungua macho kwa uvimbe, na mkono wake wa kushoto ulianza kurukaruka peke yake. Mficha maradhi, kilio humfichua. Nilichukua rejista, nikaenda nayo ofisini kwa Dokta Profesa, nikaikata mistari yote ya siku tatu kwa kalamu nyekundu mbele yake, na kila mstari niliusoma kwa sauti: uongo, uongo, uongo.

"Donc ulidanganya commandant?" aliuliza. Hilo ndilo lililomuuma.

"Nilidanganya mtoto kwanza."

"Na kama ni infection itamuua?"

"Kwa infection tuko na ampicilline. Figo za akiba hatuko nazo."

Hakuomba radhi, hakuna kitabu kinachowafundisha madaktari hilo. Aliandika "simamisha genta" kwa herufi ndogo kuliko zote alizowahi kuandika, na mimi nilikimbia kwa miguu hii hii iliyokataa ngazi.

Sasa sikilizeni kazi ilivyokuwa, maana hii hamtaipata kwenye mashine. Niliichana karatasi ya mabingwa. Niliwaambia akina mama wote kwamba hakuna mtoto atakayetolewa kwenye kisanduku kwa sababu ya kitambaa, na anayeniletea kitambaa kikavu ndiye anayenisaidia zaidi. Hawakuniamini, na walikuwa na haki. Ilibidi nionyeshe. Wa kwanza aliponiletea kikavu, nilisema, "Aksanti, Mama," nikaandika sufuri. Wa pili nikasema aksanti. Kufikia jioni walikuwa wakileta vikavu na vilivyoloa bila kuinamisha kichwa. Nyinyi mnafikiri aksanti ni adabu tu. Pale ilikuwa chombo cha kazi, sawa na mizani.

Mtoto wa Aziza tulimpunguzia maziwa, tukampa kiasi kidogo tu cha kufidia kile ngozi na pumzi vinachopoteza, maana maji yasiyotoka humzamisha mtoto kutoka ndani. Tulimfunga kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi. Tulimpima uzito asubuhi na jioni, na safari hii tuliomba apungue. Sufuri. Sufuri. Sufuri. Siku nzima ya kwanza ilikuwa sufuri, na usiku wake, na kesho yake hadi adhuhuri. Papa Likelo aliacha kufagia. Alikaa kwenye benchi karibu na mizani, akiibadilisha betri ambayo haikuwa imekufa.

Alasiri ya siku ile ya pili Aziza alifungua kitenge, akatoa kitambaa, akakishika kwa vidole viwili. Nilinyoosha mkono. Alinipita akampa Papa Likelo. Mzee alikipima mara tatu, akakinusa, akakipima tena.

"Karati kenda," akasema. "Na inanuka muzuri."

Karati tisa. Gramu mbili kasoro. Ndogo kuliko uongo wote tuliokuwa tumeupigia makofi chumbani mle. Nililia mbele ya watu, na Dokta Profesa, aliyekuwa akipita, alisema ni vumbi la vita. Kesho yake zilikuwa kumi na nne, kesho kutwa zaidi ya ishirini, na uvimbe ukaanza kushuka kuanzia usoni. Baada ya wiki sita alikuwa na kilo moja na mia nane na sauti ya kuudhi jirani.

Hapa kwetu mama akitoka hospitali salama humpa mtoto jina la aliyemsaidia, na mwenye jina anakuwa ndoyi wake maisha yote. Katika mji huu nina ndoyi kumi na mmoja. Kuna Zaina anayeuza samaki, Zaina mwalimu, na mvulana mmoja maskini wanayemwita Zaino. Siku Aziza alipokuwa akifunga mzigo wake nilisimama karibu, nikijifanya kupanga vitambaa.

"Jina yake ni Likelo," akasema.

Mzee alikuwa amesimama pale na ufagio wake. Mimi nikajaribu kucheka. "Na miye je, Mama Likelo? Sikufanya kitu?"

Hakuwa na hasira. Alikuwa akimfunga mtoto mgongoni, akafunga fundo vizuri kabla ya kunijibu.

"Mama, asubui nilikuambia ukweli. Ukasema umeelewa. Midi ukamuchoma. Miye nilikuwa pale."

Nilimpa maelekezo ya kuondokea, kwa kuwa ndiyo kazi. Nilimwambia amlete mtoto kila mwaka apimwe presha na mkojo, maana figo iliyoumizwa uchanga inaweza kunyamaza miaka mingi kabla ya kudai. Aliyashika maelekezo hayo kuliko mama yeyote niliyemhudumia. Kila mwaka alikuja, hata mwaka ambao mabomu yalirudi. Alisimama getini na mtoto wake, akauliza ni nani yuko zamu. Akisikia ni mimi, aliondoka, akarudi kesho yake.